Sketi ya Kayaki na Silanga ya Mama Nashipae

Noonkopir, Kitengela, Jumamosi alasiri

Mwende, mama yangu,

Wewe na mama yako mmeenda Mashuuru kumuaga nyanya yako, na mimi nimebaki dukani nikijifanya nina kazi. Kazi yenyewe ni turubai la lori la nyasi ambalo mwenyewe halitaki mpaka wiki ijayo. Nimelisukuma kando, nikapangusa meza, nikachukua ile biro ninayochorea alama za mshono. Ukiona mistari imepinda, jua nimezoea kuandika kwenye kitambaa kizito, na karatasi inanitoroka.

Mambo ya dawa, soksi, chaji ya simu na nani wa kupigiwa ukikwama, hayo nimemwachia mama yako. Alianza kuyasema mapema wiki hii na sidhani atakuwa amemaliza kesho alfajiri mkipakia mizigo. Mimi nakuandikia kwa sababu ya asubuhi ya leo. Ulikuwa umesimama kwenye matope, maji yanakuchuruzika, ukaniuliza, "Sasa Baba, ni ndiyo ama la?" Nikakuambia tutaongea, nikaingia kwenye pikapu na kufungua redio. Kutoka Isinya mpaka hapa tulisikiliza matangazo ya mbolea kama watu wenye shamba. Najua unadhani nimekasirika. Sijakasirika, na jibu lako liko humu, lakini mimi ni mtu wa kuzunguka, kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka siku ulipoleta lile begi refu sebuleni? Ulimwaga vyuma vyembamba sakafuni, vijiti vilivyopinda, na kitambaa kikuukuu kilichonuka ukungu. Nikakuuliza kama ni hema. "Ni boti, Baba. Ni kayaki ya kukunja, ya baharini." Nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hapa kwetu maji ya mfereji yakija watu wanaitana kama kuna harusi, na wewe umeleta boti kwa kochi. Uliniacha nikacheka mpaka nikachoka, kisha ukaniambia kwamba wewe na wenzako watatu, pamoja na Achieng' kiongozi wenu, mtapiga makasia kutoka Vanga mpakani mpaka Lamu, na kwamba mkimaliza, Achieng' amekupa kazi hukohuko pwani ya kuongoza wageni kwa kayaki. Kwa hiyo hutarudi. Utakuwa unakuja, kama mgeni, na zawadi.

Kicheko kiliniishia hapo.

Ungeweza kwenda tu. Umri unao, na nauli yako unajilipia. Lakini ulisema mbele ya mama yako, "Sitaki kuenda na Dad amenuna. Nataka aniambie mwenyewe niende." Neno hilo lilinipa cheo kikubwa, na cheo kikubwa kikimfikia mtu mdogo anakitumia vibaya. Ulikuwa umenionyesha kwenye simu yule mwanamume anayepinduka na kayaki yake, kichwa chini, halafu anapiga kasia mara moja na kuibuka upande wa pili kama hakuna kilichotokea. Nikakuambia, siku nitakayokuona kwa macho yangu umepinduka hivyo na ukarudi juu mwenyewe, bila kutoka ndani, nitakubariki uende. Niliona nimekuwa mjanja sana. Nilikuwa nimeangalia ile video mara nyingi kuliko ulivyojua na nikaamua kwamba jambo lile haliwezekani kwa mtoto wangu.

Hapo ndipo ulipofanya kitu ambacho sikukitarajia. Hukubishana. Uliniletea kile kitambaa kikuukuu na kusema, "Basi nisaidie. Hii ngozi imeoza, na hakuna fundi mzuri kukushinda." Ulinipiga mahali panapouma. Mimi nimefunika malori yanayoenda Namanga na yanayoenda mbali kupita hapo, na hakuna mteja aliyewahi kuniletea mahindi yaliyonyeshewa. Nilichukua vipimo vya vile vyuma nikaanza kushona siku hiyohiyo.

Ngozi ya chini ilitoka vizuri, hata leo nikiigusa ninajisifu. Mishono yake nimeipiga mara mbili na kuibana kwa gundi ya moto. Shida ilikuwa sketi. Kwa mtu asiyejua, sketi ni kile kitambaa ambacho mwenye kayaki anavaa kiunoni, kisha anakivuta na kukifunga kuzunguka lile tundu alilokalia, ili mawimbi yasimwingilie. Mbele yake kuna mkanda. Ukipinduka na usiweze kurudi, unavuta ule mkanda, sketi inafunguka, unatoka. Achieng' alituma picha ya jinsi inavyotakiwa kuwa, na akaandika chini yake kwamba mkanda lazima ubaki nje, mrefu, mahali mkono utakapoupata hata ukiwa gizani. Nilisoma, Mwende. Nisidanganye kwamba sikusoma. Nilisoma nikasema moyoni, huyu msichana hajui turubai.

Maana kwenye lori, kitu chochote kinachoning'inia ni adui. Kipande kidogo cha mkanda kikiachwa nje, upepo wa Athi unakishika, unakipigapiga, na mkifika Kajiado nusu ya turubai iko hewani. Kijana wa kazi akiniachia mkia nje ninamfumulisha. Kwa hiyo mkanda wako niliukunja vizuri nikaushonea kwa ndani, usionekane. Halafu ukingoni nikaweka raba ya tyubu ya lori, mara mbili, kwa sababu nilikuwa nawaza mawimbi. Nilikuwa nawaza maji yakitafuta njia ya kukufikia, na nilitaka yasiipate. Nilipomaliza nilimwita mama yako aje aone. Alisema imekaa kama mfuniko wa sufuria mpya.

Achieng' alipokuja Jumamosi iliyofuata, alikataa kwenda majini kabla hamjajaribu kwenye nyasi. Mimi nilimwona ni mtu wa kupoteza wakati. Mliiunganisha kayaki hapo nje ya ploti, majirani wakatoka na vikombe vya chai, na watoto wa Mama Kevo wakapanda juu ya ukuta. Ukaingia, nikakufungia sketi kwa mikono yangu, ikalia kwa kubana, nikafurahi. Achieng' akasema, "Haya, toka."

Hukutoka.

Ulipapasa mbele, hakuna mkanda. Ulivuta ukingo, raba ikakataa. Ulisukuma kwa magoti. Watu wakaanza kucheka, na wewe ukacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, nikasema, "Mnaona kazi hiyo?" Baba Kevo akauliza kama tumekufungia humo mpaka mwezi uishe. Ulijaribu kukunja vidole chini ya raba na ukucha ukavunjika. Mimi mwenyewe nilikuja kuifungua, mimi niliyeishona, na sikuweza. Nilirudi dukani kuchukua mkasi. Nilipokuwa nakata, Achieng' alikuwa amechuchumaa karibu yangu, na alisema polepole, ili wewe usisikie, "Baba Mwende, huko chini mtu hana mkasi."

Nilijibu kwa mzaha, sikumbuki mzaha gani. Lakini chakula cha jioni kilinishinda, na mama yako alipouliza nikasema ni tumbo. Haikuwa tumbo. Nilikuwa nimemfungia mtoto wangu ndani ya boti, kwa ufundi wangu wote na kwa upendo wangu wote, na nikasimama kando nikiwaonyesha watu. Niliogopa mikono yangu, Mwende. Kesho yake niliifumua sketi yote nikaishona upya kama ile picha, raba moja nyembamba, mkanda nje, mwekundu, mrefu, na mwisho wake nikafunga mpira mdogo ili vidole viupate. Ninapoupita ukutani unaning'inia pale na bado mkono unaniwasha kuukunja.

Kama kuna kitu kimeniponza katika maisha yangu, ni kujua. Mama yako atakuwa amekusimulia kisa cha ndala, na kama amekusimulia yeye basi amenionea, kwa hiyo sikia kutoka kwangu. Ilikuwa msimu wa mvua, hujazaliwa, tunachumbiana. Tulikuwa tunatoka Kajiado kumwona shangazi yake, tukakuta mto ambao siku zote ni mchanga mtupu umejaa. Tulivuka mahali pa kina kidogo, na ndala yake moja ikachukuliwa. Mimi nikasema, "Usijali, najua kuogelea." Sikuwa najua. Sikuwa hata nimewahi kuoga kwa zaidi ya ndoo moja. Lakini alikuwa ananiangalia, na nilikuwa nimevaa shati jipya. Niliruka, nikanywa maji yote ya Kajiado, na mchungaji mmoja wa Kimaasai akanivua kwa fimbo yake, ameninasa kwenye mshipi kama mbuzi aliyeanguka kwenye shimo. Hakuniuliza kitu. Alinimwaga kwenye majani akaendelea na ng'ombe zake. Mama yako alicheka kutoka hapo mpaka stendi, anatembea na ndala moja. Ningesema tu "sijui" ningeokoa shati. Mpaka leo neno hilo linanitoka kwa shida, na nafikiri nawe umelirithi, maana nimekuona ukimwambia Achieng' umeelewa wakati macho yanasema mengine. Bahari haina haja na sisi kujifanya. Mwambie hujaelewa, aseme tena, achoke, aseme tena.

Baada ya sketi kupona, ndipo tukahitaji maji. Hapo namshukuru Mama Nashipae, mfugaji wa upande wa Isinya. Ningekuwa mimi ni yeye, na mtu aje kuniambia anataka kupindua boti kwenye silanga yangu, bwawa nililolichimbisha kwa ajili ya ng'ombe zangu, ningemwonyesha njia ya kutokea. Mimi nilimwendea kama mteja wangu, maana hema lake la sherehe nililishona mimi. Nikamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," akaitika "Iko," akasikiliza mpaka mwisho huku akiangalia pembeni. Kisha akasema, "Maji ni ya ng'ombe. Ng'ombe ikishakunywa, mtoto aingie. Lakini asipake mafuta. Ng'ombe yangu haikunywi lotion." Na hivyo ndivyo ikawa kila mara: tunafika na mapema yetu, tunakaa kwenye pikapu, tunangoja kundi zima linywe, litafakari, linywe tena. Wewe ulikuwa unatapatapa kwa haraka. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo ng'ombe zisishibe.

Siku ya kwanza ulipopinduka na chombo kikabaki tumbo juu, Mama Nashipae aliinuka kutoka kwenye mtungi wake wa maji aliokalia na kuniuliza, "Na huyu mtoto anatafuta nini huko chini?" Nilikuwa tayari ndani ya maji mpaka kiunoni, viatu, saa, simu mfukoni, vyote. Ulikuwa umevuta mkanda na kutoka vizuri kabisa, unapangusa pua, na ukaniona mimi nimekwama kwenye matope siwezi kwenda mbele wala nyuma. Mlinivuta wewe na Mama Nashipae kwa kamba ya ndama. Simu ilikufa. Siku ya pili niliiacha simu kwenye gari na nikaingia tena. Siku ya tatu pia. Kila ulipopinduka niliingia, na kila nilipoingia nilitibua matope hata ukashindwa kuona kasia lako.

Halafu kulikuwa na mdomo wangu. Achieng' alikueleza, na alinieleza na mimi pia, kwamba kichwa ndicho cha mwisho kutoka majini. Kiuno kinarudisha boti kwanza, mwili unafuata, kichwa kinakuja nyuma kama mtu mwenye usingizi. Ukikimbilia kuinua kichwa unazama tena. Nilisikia na kuitikia. Lakini kila nilipoona nywele zako zinakaribia juu, nilipiga kelele, "Inua kichwa, Mwende! Kichwa!" Nawe, kwa sababu nimekulea na kukufundisha kunisikia, ukainua. Ukazama. Mara ngapi? Mama Nashipae mwishowe aliniambia, "Baba Mwende, hii mdomo yako ni nzito kuliko boti." Nilimwona Achieng' anakubali.

Ndiyo maana ulifanikiwa wakati sipo. Nilikuwa nimeenda Isinya kutafuta maziwa ya chai, na niliporudi nikakuta mnarukaruka kwenye matope, wewe na Achieng' na yule mama mzima. "Baba, nime-roll! Nimerudi juu!" Nikasema, sijaona. Mama Nashipae akasema, "Mimi nimeona na macho yangu yote mbili." Nikasema, makubaliano yalikuwa macho yangu. Uso wako ulivyoanguka, Mwende, nauona mpaka sasa. Nilikuwa na ndiyo mdomoni na nikaimeza makusudi, kwa sababu bado zilikuwa zimebaki siku kadhaa na nilitaka kuwa nazo. Si kwamba nilikuwa na shaka nawe. Nilitaka ubaki na haja nami. Wewe uliingia tena majini mara hiyohiyo ili nione, na mimi nikiwa nimesimama pale na paketi za maziwa, ukashindwa, ukashindwa, mpaka midomo ikageuka rangi. Njiani tunarudi hukunilaumu hata kidogo, ulinipa tu kipande cha chapati. Ningependa ungenigombeza.

Sasa leo. Leo ndiyo ilikuwa ya mwisho, na Achieng' alikuwa amesema mjaribu na mzigo, kama itakavyokuwa baharini. Mlijaza mifuko na kufunga mitungi ya maji ndani mpaka kayaki ikakaa chini majini kama punda wa siku ya soko. Kabla hujaingia ulinijia, ukanishika mkono wa shati. "Baba, leo usiingie kwa maji. Na usiseme kitu. Hata ikikuwa mbaya. Tafadhali." Nilikubali haraka sana, kama mtu anayejua atavunja ahadi.

Ng'ombe zilikuwa zimekunywa na zimesimama kando zikitafuna. Mama Nashipae alikaa upande wangu wa kushoto, karibu kidogo kuliko kawaida, na baadaye nimefikiri alikuwa ametumwa na Achieng'. Ulipiga kasia mpaka katikati. Ukapumua. Ukapinduka.

Niliona kasia likijitokeza, likapita juu ya maji, boti ikainuka nusu, mzigo ukaivuta chini. Nikauma ulimi. Ukajaribu tena, ikainuka kidogo kuliko mara ya kwanza. Miguu yangu ilikuwa tayari imeanza safari yake, na Mama Nashipae akaniwekea mkono kifuani, hakunisukuma, aliuweka tu. Maji yakatulia. Boti tumbo juu, hakuna kasia, hakuna nywele. Sitakuambia ulikuwa muda gani. Wewe utasema ulikuwa mfupi na Achieng' ana saa. Mimi niliwaza sketi. Niliwaza mshono kwa mshono, raba, mkanda, ule mpira mdogo wa mwisho, na hapo kwenye nyasi nikafumba mkono wangu nikavuta kama niliyeushika.

Ukaibuka upande wa pili, nje ya boti.

Ukakohoa, ukatema matope, na nilingoja ulichokuwa unafanya siku zote, maana siku zote ukiibuka kitu cha kwanza unachofanya ni kugeuza uso ufukweni kunitafuta. Tangu ulipokuwa na meno mawili. Ukianguka, kabla ya kulia ulikuwa unaangalia kwanza niko wapi, ndipo unaamua kama inauma. Nilikuwa nimetayarisha uso wangu. Nilikuwa nimetayarisha hata kucheka.

Hukuangalia. Ulilifuata kasia lako lililokuwa linaelea, ukalirudisha. Ulizunguka mpaka nyuma ya boti, ukaingiza mabega chini, ukaigeuza, na ikageuka ikiwa imejaa maji. Ulijaribu kupanda ikakumwaga. Ukakaa kidogo umeishikilia, unapumua, unafikiri. Mara hii ulipanda kwa nyuma, kifudifudi, polepole, kama mtu anayepanda kitandani pasipo kuamsha mtoto. Ukaketi. Ukachukua ule mtungi tulioukata, ukaanza kuchota maji na kuyatupa nje, unachota, unatupa, na nikasikia unajiimbia kitu chini kwa chini, nilichokisikia mara ya mwisho ukiwa unaosha vyombo. Mzigo wote ulikuwa mahali pake. Hata mtungi mmoja haukutoka. Na muda huo wote ulikuwa umenipa mgongo.

Mama Nashipae akatoa mkono wake kifuani kwangu. "Haujaona?" akaniuliza. Nikamwambia nimeona.

Kwa hiyo ulipokuja matopeni na kuniuliza ndiyo ama la, nilijua unachouliza. Unauliza kama kushindwa kurudi juu ndani ya boti kumekuharibia. Ulikuwa umeinamisha kichwa kama mtu aliyefeli mtihani. Nami singeweza kusema hata neno moja bila kulia mbele ya ng'ombe za watu, na mbele ya Achieng' ambaye bado ananiita Baba Mwende kwa adabu. Nikakimbilia gari. Hiyo ni aibu ndogo na nimeiweka pamoja na zile nyingine.

Mtihani wangu ulikuwa wa kijinga, mama. Nilitaka usitoke ndani ya boti. Nilikuwa nimeshaona kwenye nyasi mtu asipoweza kutoka inakuwaje, na bado nikadai hicho. Kujipindua na kurudi juu ni kuzuri, endelea kujifunza, siku moja nitumie video na sitapiga kelele, au nitapiga nikiwa peke yangu dukani. Lakini nilichokuwa nahitaji kujua ni kitu kingine kabisa, na sikuwa najua jina lake mpaka nilipokiona. Nilihitaji kujua kwamba siku mambo yatakapokataa, mara ya kwanza na ya pili, na mimi niko huku Kitengela nashona turubai la mtu, hutabaki huko chini ukingoja sauti yangu.

Sikufichi, iliuma. Ni mara yangu ya kwanza kusimama mahali ulipo na nisiwe na kazi. Nilisimama pale, mikono inaning'inia, nikakuangalia ukichota maji, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilitaka kumkumbatia Mama Nashipae, ambaye angenipiga. Vitu hivyo viwili vilikuwa ndani yangu kwa pamoja na bado viko. Usijaribu kuviondoa kwa kunihurumia kesho. Nikumbatie haraka, upande, uende, maana mama yako atahitaji zamu yake na yeye hukumbatia taratibu.

Nasikia pikipiki inapunguza mwendo huko nje na sauti ya mama yako ikimwambia mtu wa boda asimame vizuri kwanza. Nyanya amewapa kuku, namsikia. Nitaiweka barua hii ndani ya begi la kayaki, kati ya vile vyuma, kwa sababu najua begi hilo utalifungua wewe mwenyewe na hutamwachia mtu.

Jibu ni ndiyo. Ningepaswa kulisema pale pale, kabla hujauliza, kabla boti haijakauka. Lilikuwa ndiyo tangu ulipolishika kasia lako na kunipa mgongo.

Nenda, Mwende.

Baba yako